Jiwe Ambalo Hakuna Aliyelipima

Mama Mikate alifungua mlango wa nyuma wa pikapu yetu, na ute wa mayai ukamchuruzikia kwenye kiatu. Hakupiga kelele. Alikipangusa kwa kitambaa, akakagua trei moja moja, kisha akaniambia kwa upole, "Dada, leo nimevumilia. Mzigo ujao ukifika hivi nitatafuta mtu mwingine. Tanuri langu halijui kusubiri."

Huyo ndiye mteja wangu mkubwa. Ukiwajumlisha wengine wote hawafikii nusu yake. Kuku wangu wanakula kwa sababu yake, na sisi tunaokaa na kuku vilevile.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amesimama uani. Alikuwa anaisubiri pikapu, siyo mimi. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ameiinua ikae juu zaidi ya ardhi. Sababu yake ilikuwa ya kweli, sitamwonea. Kwenye njia ya kutoka kwetu hadi barabara ya lami kuna jiwe lililochomoza katikati, na tulipobeba magunia ya chakula cha kuku lilikuwa limekwaruza sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, zaidi ya mara moja. Basi akanunua vifaa vya kuinulia, akampelekea rafiki yake, fundi ambaye mtaa mzima unamwita Bado Kidogo kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Bado Kidogo akaongeza bamba moja nene kwenye springi za nyuma, kila upande, akakaza bolti za kurekebishia za mbele, mpaka pikapu ikasimama kama inachungulia ng'ambo ya ukuta wa jirani. Mimi kuingia ndani lazima nishike usukani nijivute kama napanda darini.

"Yamevunjika," nikamwambia.

"Mangapi?"

"Trei za chini karibu zote."

Aliinama, akatazama matairi, akatazama chini ya bodi, akasimama. "Uliendesha kwa kasi."

"Nilipitwa na mtu anayesukuma toroli."

"Basi ni trei. Trei za siku hizi laini mno."

Nikibishana naye nikiwa na hasira huwa ananishinda, maana yeye hana hasira. Nikachukua ndoo nikaanza kuosha.

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa Bado Kidogo. Karakana yake ni banda la mabati lenye sakafu nyeusi ya oili, na benchi moja ambalo mguu wake mmoja ni pistoni kuukuu. Nilikwenda na trei nne za mayai za kujaribia, moja nikiwa nimeipakata.

"Shemeji, hilo dogo," alisema. "Ni upepo tu. Matairi yamejaa sana."

Akapunguza upepo. Tukafunga trei nyuma, tukazunguka mtaa, tukarudi. Mayai manne yalikuwa yamepasuka. Akapunguza tena. Tukazunguka tena. Sasa pikapu ilikuwa inayumba kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake, na mayai yaliendelea kupasuka.

Bado Kidogo alishika ganda moja, akaliinua kwenye mwanga. "Shemeji, usinielewe vibaya. Hawa kuku wako wanapata chokaa ya kutosha?"

Mume wangu akacheka. Alicheka kabisa, mpaka akashika bodi ya pikapu asianguke.

"Kuku ni walewale," nikasema. "Trei ni zilezile na dereva ni yuleyule. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu, na wewe baba watoto umekiegemea."

Akaacha kuegemea.

"Labda ni namna unavyobadilisha gia," alisema.

Hapo nikawaambia wapande nyuma. Wote wawili, kila mmoja na trei yake mapajani, na mimi niende mwendo ninaokwenda kila siku hadi kwenye jiwe na kurudi. Walidhani natania. Nikawasha injini.

Kwenye kioo niliwaona vizuri. Kwenye shimo la kwanza waliruka pamoja, wakatua pamoja, kama watu waliofanya mazoezi. Kwenye la pili mume wangu aliitupa trei ili ashike bomba la bodi. Bado Kidogo alikumbatia yake mpaka mwisho, na tuliporudi karakana shati lake lilikuwa la njano kuanzia kifuani hadi kwenye mkanda. Mume wangu alishuka akiwa ameshika kiuno.

"Haya," nikasema. "Gia zangu mmezionaje?"

Bado Kidogo alikwenda nyuma ya pikapu, akaibonyeza kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote. Haikushuka. Akalala chini, akaingia uvunguni. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

"Springi hazichezi," alisema. "Zile bolti za kwenye macho ya springi, yale matundu ya nchani, zina mipira ndani, ndiyo bushi. Zinatakiwa zikazwe pikapu ikiwa chini, imekalia matairi yake. Ukizikaza matairi yakiwa yananing'inia, mpira unashika hapohapo. Pikapu ikishuka, mpira unajinyonga, springi inakuwa kama nondo."

"Na wewe ulizikaza ikiwa wapi?"

Akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama ukuta, ambao haukuwa na kitu.

"Juu," alisema Bado Kidogo.

"Unayajua yote hayo, na bado ukazikaza juu?"

"Bosi alisema nisiishushe kwanza. Kuna watu walikuwa wanakuja kuiona."

"Watu gani?"

"Majirani," mume wangu akasema polepole. "Na kaka yangu. Ikiwa kwenye jeki inaonekana ndefu zaidi."

"Nikawasubiri," alisema Bado Kidogo. "Kaka mtu akachelewa. Spana ilikuwa mkononi, nikakaza."

Nilikaa juu ya tairi bovu. Mtu akikuibia mayai unaweza kumkimbiza. Hawa walikuwa wameyavunja kwa furaha, na walikuwa wananitazama kwa kuomba huruma kama watoto waliokosea darasani.

"Legeza," nikasema. "Anza upya."

Alilegeza bolti zote, tukapakia magunia mawili ya chakula cha kuku na mume wangu juu yake, pikapu ikatulia kwa uzito wake, ndipo akakaza. Aliibonyeza tena. Mara hii ilishuka, ila kidogo sana. Nilizunguka na trei nyingine. Mayai mawili.

"Lililobaki ni hilo bamba nene," alisema Bado Kidogo. "Hilo ni la kubebea kokoto. Mayai hayana uzito wa kulikunja. Likitoka, nyuma inashuka, na mbele niishushe zilingane."

"Bamba halitoki," alisema mume wangu. Sasa alikuwa amekunja uso kweli. "Mnasahau tuliiinua kwa nini. Sampu ikipasuka pale kwenye jiwe, oili yote inamwagika, na mayai yanalala njiani siku nzima. Huyo Mama Mikate atakusubiri?"

Hilo lilikuwa swali la haki.

"Jiwe lina kimo gani?" nikauliza.

"Refu."

"Kiasi gani?"

Mume wangu aliweka mkono usawa wa goti. Bado Kidogo, wakati huohuo, aliweka wake katikati ya ugoko.

"Ni nani kati yenu aliyelipima?"

Wote wawili wakashusha mikono.

"Mlipima nini kabla ya kununua hivi vyuma?"

"Tuliangalia picha," alisema Bado Kidogo.

Nilichukua futi yake benchini na kipande cha kamba, nikatoka. Walinifuata kwa miguu, mmoja akiwa bado anashika kiuno. Pale kwenye jiwe niliwapa kamba wainyooshe usawa juu yake, mmoja asimame kwenye njia ya tairi la kulia na mwingine ya kushoto. Nikapima kutoka kamba hadi ardhini pale waliposimama, halafu kutoka kamba hadi kwenye jiwe. Nikaondoa moja kwenye nyingine. Kisha nikamwomba Bado Kidogo aniambie sampu ilikuwa umbali gani kutoka chini kabla hawajaigusa pikapu, na hilo alilijua kwa kichwa.

Kuiinua vidole viwili tu kungetosha, hata tukiwa na magunia. Wao walikuwa wameiinua kiganja kizima na ushee.

"Kumbe ni dogo," alisema mume wangu. Alilipiga jiwe teke, kidogo tu, kama linalostahili lawama.

Bado Kidogo alitoa bamba nene akaweka jembamba alilokuwa nalo. Alipima kila tairi, kutoka katikati ya rimu hadi kwenye ukingo wa bodi, akalegeza bolti za mbele, akasukuma pikapu mbele na nyuma ikae, akapima tena. Kulia ilikuwa imelala kidogo. Akakaza robo duru, akapima.

"Bosi anasemaje?"

"Ongeza zote kidogo."

"Shemeji?"

"Usimsikilize."

Bolti za springi alizikaza pikapu ikiwa chini, na mimi nikiwa nimechuchumaa pembeni nikitazama magurudumu. Mume wangu aliniambia namdhalilisha fundi. Fundi alisema acha atazame.

Siku ya mzigo mume wangu alikuja nami bila kualikwa. Tulipita kwenye jiwe na mayai na magunia ya kujaribia uzito, na hakukuwa na mlio wowote chini, ila pumzi yake aliyokuwa ameibana akaiachia. Mama Mikate alifungua mlango wa nyuma kwa mkono mmoja, miguu akiiweka mbali. Alitazama trei ya juu. "Shusheni zote," alisema. "Nataka za chini."

Tukashusha zote, tukaziingiza ndani. Mume wangu ndiye aliyebeba nyingi. Mama Mikate aliinua trei ya mwisho, ile iliyokuwa imekalia bati la pikapu, akaigeuzageuza. Mawili yalikuwa na ufa.

"Mawili hata mimi nayavunja nikiyatoa," alisema. "Keshokutwa niletee kama haya, uongeze trei tano."

Nilitaka kumshukuru vizuri, nikatafuta maneno, lakini mume wangu aliwahi.

"Mama," alisema, akionyesha nje kwa kidevu, "hiyo pikapu unaionaje? Si bado iko juu?"

Mama Mikate alichungulia barabarani, ambako hakukuwa na gari jingine.

"Ipi?" akauliza.