Haya Isiyo na Basi

…na yule msemaji wa wizara kwenye televisheni ya ukutani bado anatafuna maneno, tumeimarisha mawasiliano na wananchi, sijui strategic engagement, dakika kumi nzima hajasema kitu na mshahara unaingia, wakati yeye, mwenye shahada ya mawasiliano ya umma iliyotiwa plastiki isilowe, anachakaza suruali kwenye benchi la mapokezi akisubiri kuitwa kwenye usaili, simu kaibana sikioni, dada yake anasema, "Profesa, upo? Namwekea mama simu, ongea naye," ongea naye, rahisi hiyo, tangu kiharusi kimpige miezi minne iliyopita mama amebakiwa na neno moja tu mdomoni, haya, ukimpa maji haya, ukimkanyaga haya, "Shikamoo mama," "Haya," "Niko kazini mama, tuko bize kweli," muone alivyo mwongo, "Haya," na dada anaangua kicheko kwa nyuma, "Kazini wapi we, mbona nasikia tivii?", na mhudumu wa mapokezi naye, "Kaka, simu nje, hujui kusoma?", kusoma anajua sana, tena hadi bango lililo juu ya kichwa cha huyo mhudumu, TUPO KUKUSIKILIZA, nonsense, ajibane tu ukutani, kidole gumba kiko tayari juu ya kitufe chekundu, kila siku ni hivyo, haya mbili tatu kisha anakata, maana ameshaagwa, au hakuagwa… mama huyu huyu, fundi cherehani, alikuwa anaongea na pini sita midomoni, mmh ni mkasi, mh-mh ni chaki, mmmh ndefu ni toka kwenye mwanga wangu we mtoto, na yeye wa miaka saba hakukosea hata mara moja, nani alimfundisha, mhadhiri gani, na baadaye alipokuwa chuoni simu za mama haziishi, haya mwanangu, haya, halafu anakumbuka zipu ya mteja, umbea wa jirani, anaanza upya, haya… haya… mpaka lije lile la mwisho, haya basi, hapo ndipo simu inakatwa, bila basi mama hajamaliza, bila basi ukikata atakupigia tena akufokee, na kwa miezi minne hii, Mungu wangu, basi haijatoka hata siku moja, amekuwa akimkatia mama yake katikati ya maneno, graduate mzima… "Anayefuata!" si yeye, ni yule wa tai nyekundu, msemaji bado anaimarisha, benchi lile lile, "Kaka, nimesema nje!", na yeye anakitoa kidole kwenye kitufe, anashusha sauti, "Mama, mimi sijapata kazi," pumzi, cherehani ya mtu inalia kwa mbali huko, "Haya," anasema mama, taratibu, ndefu, na yeye anasubiri, basi haiji, haiji, Mungu aicheleweshe hivyo hivyo.