Swali Lililokosa Neno Moja

Sikuwa na tai. Sikuwa na kiatu cha kushoto, wala kitambulisho, wala cheti chochote zaidi ya kile cha shule ya jioni ya watu wazima. Ndivyo usingizi wa jana ulivyonifikisha mlangoni mwa Bunge, nimekumbatia swali kama mtu aliyebeba kuku.

Swali hilo nililiandika mwenyewe kabla ya kulala, kwa ajili ya mbunge wetu, Mheshimiwa Tusekile, aliyetuomba wananchi tumpelekee maswali. Zahanati ya kijiji chetu imejengwa, imepakwa rangi, na mwaka wa pili huu imefungwa kufuli kwa kukosa muuguzi. Binti yangu Lugano ana mimba ya miezi sita.

Karani wa mlangoni analiweka swali langu kwenye mzani.

"Mzee, hili lina hasira. Kanuni hazituruhusu. Swali halibebi maoni."

Anaingiza mkono ndani ya swali, anatoa neno "uzembe", kisha "aibu", kisha "jamani". Maneno hayo yanakwenda kukaa kwenye benchi, yamenuna.

Swali linabaki jembamba: Je, Serikali ina mpango gani kuhusu zahanati yetu?

Tunaingia. Ukumbi ni shamba la chai. Wabunge wameketi katikati ya mistari, mvua inanyesha na hakuna anayelowa. Waziri anasimama.

"Mheshimiwa Spika, mpango upo."

Na kweli upo. Anaingia bwana mmoja mnene mwenye suti, anaketi kiti cha mbele na kufungua chupa ya chai.

"Shikamoo, mzee. Mimi ndiye Mpango."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayefungua zahanati?"

"Mimi? Mimi nipo tu."

"Utainuka lini hapo?"

"Hilo hukuuliza."

Swali linanivuta shati. "Baba, mbona hukuniwekea 'lini'? Nirudi nyumbani nikamkabidhi Lugano bwana huyu?"

Nikaona haya. Nilianza shule nikiwa na miaka thelathini na tisa, na marehemu Mwalimu Nsajigwa alituimbisha viulizi kila jioni bila kutucheka: nani, wapi, lini. Mzee mzima nimelisahau "lini"! Nachomoa penseli nyuma ya sikio, nafuta, naandika upya: Zahanati itafunguliwa lini, na muuguzi wake ni nani? Jibu liwe la maandishi.

Mpango anaruka, chai inamwagika.

"Mzee, sasa huo ni ugomvi!"

"Si ugomvi, ni sarufi."

Anaanza kukonda. Suti inamzidi, kisha inamvuka, mpaka bwana mzima anabaki karatasi moja. Karatasi inapanda mezani na kulala chali, maana kanuni inataka majibu yawekwe mezani.

"Nimesainiwa," inasema. "Anisome anayetaka."

Ninainama kuisoma tarehe.

"Baba Lugano, kumekucha!" Ni mke wangu, Subilaga. "Na kiganja chako kimefanya nini?"

Nikakitazama. Kilikuwa na mhuri wa zambarau, wino haujakauka vizuri: IMEPOKELEWA.

"Umeutoa wapi?"

"Bungeni."

"Basi kanawe, uji unapoa."

Nilinawa mkono mmoja. Kisha nikaichukua barua yangu, nikakata "mpango gani", nikaandika "lini" kwa herufi kubwa. Chini nikamshukuru Mheshimiwa Tusekile kwa kutuuliza sisi kabla ya kwenda kuuliza kwa niaba yetu, na nikaongeza kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, maana asante peke yake niliiona fupi. Jina la Mwalimu Nsajigwa nililiandika pia. Mheshimiwa hamjui, lakini swali ni lake.

Gundi hatukuwa nayo. Lugano alipaka ugali wa moto ukingoni mwa bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akahesabu mpaka ishirini.

"Imeshika, baba."

Nikampa dereva wa gari la maziwa aifikishe kwa Mheshimiwa, naye akaiweka kwenye mfuko wa kifuani, akafunga kifungo, akaondoka.