Vijitu Visivyokaa

...na hata kama ni kweli, nani amethibitisha, mwenyekiti wa bodi alilitamka neno hilo kikao kilichopita kana kwamba analisoma katika katiba, "Mtu akikaa hanunui, na asiyenunua namjengea ya nini?", nami nikaliandika daftarini na kulipigia mstari, sikuuliza aliwaona wapi, lini, wangapi, mimi niliyesoma sheria miaka miwili kabla ya kukimbilia michoro, nikijisifu tangu hapo kwamba simezi dai bila ushahidi... "Bado dakika kumi, Injinia," asema katibu muhtasi bila kuinua macho, si injinia, ni msanifu majengo, nimemsahihisha miaka nenda miaka rudi, naye hujibu kwamba wote huvaa kofia ngumu, "chai hiyo uinywe ingali moto," asante dada, na kielelezo kipo magotini pangu, ghorofa tisa za kadibodi na plastiki angavu, maduka chini, ofisi juu, kazi ya miezi minane, na baada yangu wanaingia vijana wa kampuni nyingine na kielelezo chao cha vioo vitupu, bodi itachagua kimoja leo hii, kwa hiyo tulia, pitia hoja zako, usichungulie chini... nachungulia. Kutoka ghorofa hii ya nne uwazi wa katikati unaonyesha ukumbi wote, jengo langu la kwanza la biashara, miaka kumi na minane sasa, na ile ngazi yangu iliyopinda kama utepe, iliyonipa tuzo na picha gazetini, saa nne asubuhi, watu tele, na juu yake hakuna hata mmoja, na mama yuko wapi, nilimwambia anisubiri pale ukumbini, nikitoka hapa nampeleka kwa daktari wa magoti, yule pale, kitambaa cha kichwa cha kijani, anavuka ukumbi polepole, anaipita ngazi bila kuitupia jicho, anakwenda... anakwenda kwenye kiukuta. Kile cha kufichia mabomba! Wala sikukisanifu, fundi bomba alinijia wiki ya mwisho, "Bosi, mabomba yako yanachungulia wageni," nikachora kwa dakika tatu juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, kimo cha sentimita arobaini na tano kwa kuwa mabomba yalifika arobaini, basi, hakuna falsafa yoyote, na sasa fundi viatu anavuta kisanduku chake ampishe mama, mama anakaa, ananyoosha miguu, wanacheka kana kwamba wamelelewa nyumba moja, kando yao mwanamke ananyonyesha, wanafunzi wawili wanagombania kitabu, mzee amevua miwani anasinzia, tisa, kumi, kumi na wawili, wote wamekalia kitu ambacho hakikuwamo katika mchoro... taratibu, usirukie hukumu, asubuhi moja si ushahidi, huenda wanafuata kivuli, hapana, jua halifiki kona yoyote ya ukumbi ule, huenda ni mlango wa nyuma ulio karibu, hiyo ni hoja nzito, lakini mlango huo ulifungwa mwaka mzima mtaro ulipofukuliwa, na watu walizunguka jengo zima ili waje wakae palepale, naikumbuka barua ya msimamizi akilalamika, niliijibu mwenyewe, kwa adabu, bila kuielewa, na maduka, tazama maduka, la vitabu na la vitambaa yaliyo mbele ya kiukuta hayajahama tangu siku ya ufunguzi, ilhali mbele ya ngazi mabango hubadilika kama kinyonga, mtu akikaa hanunui, haya, na yule muuza vitambaa mbona ametoka na jora la samawati, mbona mama analipapasa, analigeuza upande wa pili, namjua mama, akishageuza upande wa pili biashara imekwisha! Siku ya ufunguzi nilimzungusha kila pembe, akatembea kwa ncha za vidole, "Jumba zuri, mwanangu, linang'aa mpaka naogopa kukanyaga, ila sijaona pa kukaa," nikacheka, mama, hii si sebule, ni jengo la biashara, naye, mbele ya mafundi wote, "Kwani wafanyabiashara hawana makalio?", wakaangua kicheko, nami nikakihesabu kuwa kicheko tu, kumbe ulikuwa ushahidi wa aliyeona kwa macho yake, nikautupilia mbali kwa kuwa shahidi alinizaa... lakini kwa nini, majengo kumi na moja, kwa nini sikuwahi kuchora pa kukaa, si sheria za ujenzi, nazijua ibara kwa ibara, si wateja, hawakunikataza nisichopendekeza, ni... oh. Ni hivi vijitu. Vijitu vya plastiki mbele ya kielelezo, kisanduku kilekile, duka lilelile, miaka yote, mwanamke mwenye mkoba, bwana mwenye tai, mtoto aliyeshikwa mkono, wote wamesimama, wote wanatembea, kiwandani hawakumfinyanga hata mmoja aliyekaa, nami nimewapanga, nikawatazama kutoka juu kama mwewe, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuchoka, hakuna aliyewahi kuomba kiti! Nacheka peke yangu, katibu muhtasi ananitazama sasa, acha anitazame, nachana kifuniko cha kisanduku cha vijitu, nakunja, ukanda wa kimo cha nusu kucha, naugandisha chini ya ukuta wa mbele, jengo zima, pembe hadi pembe, sasa mtu, namkunja bwana mwenye tai, tak, amekatika kiunoni, pole bwana, mwanamke mwenye mkoba basi, plastiki inahitaji joto... "Injinia! Chai yako ina mtu!" "Ndiyo, dada, anajifunza kukaa." "Mungu wangu, na bodi hawajakuita bado." Hawajaniita, mlango ungali umefungwa, wanaweza kukataa, mwenyekiti anaweza kuniuliza nimeokota wapi kioja hiki na kuwapa kazi wale wa vioo, siwezi kuapa kwamba watakubali, naweza kuapa kwamba nimeona, nitamleta hapa kwenye kizuizi cha uwazi, mwenyekiti, chungulia, hesabu mwenyewe, yule wa kitambaa cha kijani ndiye shahidi wangu wa kwanza, amechelewa kusikilizwa miaka kumi na minane, na jora limeshafungwa kwenye karatasi, liko mapajani mwake... namtoa mwanamke wangu katika chai, namkunja taratibu, kiuno, kisha magoti, anakubali, namweka juu ya ukanda, naondoa mkono, haanguki.