Mstari wa Purna

Prabina Maharjan wa mji wa Patan alikuwa na mchezo wake. Aliandika skripti, yaani programu fupi ya mistari tisa, iliyobisha hodi kwenye tovuti moja baada ya nyingine na kurudi na vichwa vya majibu tu, yale maelezo ambayo seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, hutanguliza kabla ya ukurasa wenyewe, na ambayo msomaji wa kawaida hayaoni. Humo mafundi huficha mizaha. Duka moja la viatu lilimjibu: "Umevua viatu?"

Siku moja shirika moja la bima likajibu: "Mkurugenzi bado anatafuta kitufe cha kuwashia kompyuta."

Prabina alicheka mpaka akapaliwa na chai. Akapiga picha, akairusha kwenye kundi la mafundi. Kufikia adhuhuri ilikuwa imemfikia mkurugenzi mwenyewe. Jumatatu akasikia kwamba fundi aliyeuandika mstari ule amefukuzwa, na ni nani: Purna Shakya, yule aliyemfundisha kazi tangu hajui seva ni nini.

Siku tatu alijiambia kwamba hakujua, na siku tatu nafsi ikamjibu kwamba hakuuliza. Mwishowe akaenda.

Purna alikuwa juu ya paa na mkewe, wanaanika majani ya haradali.

"Kaka, ile picha niliituma mimi."

"Najua. Nani mwingine hapa mjini anachokonoa vichwa vya watu?"

"Ningejua ni wewe..."

"Ungenyamaza. Kumbe angekuwa mwingine, ungetuma tu."

Prabina akainamisha uso. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Mstari ule umekaa pale miaka sita," Purna akasema, akigeuza majani. "Niliuweka kwa ajili ya mtu mwenye akili ya kuchungulia. Nilidhani akiuona atacheka, halafu atanipigia simu."

Kesho yake Prabina alikwenda kwa mkurugenzi kukiri kwamba aliyemwaibisha ni yeye. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema barua ya kumfukuza Purna imeshatoka.

Baada ya miezi miwili Purna alipata kazi ya kufundisha chuoni, kwa mshahara mdogo kuliko ule wa bima. Sikukuu ya Tihar ilipofika alimwalika Prabina. Alikwenda, akala, akacheka kila alipochekeshwa. Lakini mke wa Purna alimpa sahani bila kumtazama usoni, naye Prabina hakuona kwamba ameonewa.