Mtoto Waliyemlinda

Msichana aliyekaa dawati moja na Kimya, binti mdogo wa seremala, alijitoa uhai wiki ya matokeo ya mtihani, na kuanzia siku hiyo hofu ikahamia nyumbani kwa seremala huyo na virago vyake vyote. Haikubisha hodi wala haikusema itakaa mpaka lini.

Mtaani kila mtu alikuwa na sababu yake mkononi. Huyu alisema ni alama mbaya, yule akasema ni simu na matusi waliyomwandikia wenzake humo, wa tatu akaapa kwamba ni mapenzi, na hakukosekana wa kutaja mashetani. Binadamu hatuna haya. Udongo wa kaburi haujakauka, sisi tumeshamaliza kesi na kutoa hukumu. Labda kila mmoja alishika kipande cha ukweli, lakini yupi kati yao aliwahi kumuuliza mtoto yule alipokuwa hai? Shuleni nako mkuu alikataza jina lake lisitajwe, eti jambo hili likitajwa huambukiza. Seremala alimwamini kabisa, kwa sababu naye alilelewa hivyo, kwamba kulitaja jambo ni kuliita.

Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, wa miaka kumi na saba, alikuwa akiitwa Daktari. Jina hilo alilipata alipokuwa na miaka mitano, siku alipomfunga paka bandeji mguu usiouma, na halikumwacha tena. Hata wazazi wake mtaa mzima uliwaita Baba Daktari na Mama Daktari, utadhani yule mdogo walimwokota. Daktari alikuwa wa kwanza darasani tangu aanze shule, na mdomo wake haukuwa na kituo. Angemchekesha hata askari wa gereza. Mdogo mtu alikuwa na miaka kumi na tano, mwenye maneno ya kupimia, ndiyo maana wakamwita Kimya.

Sasa wewe ungemlinda yupi? Basi nao walimlinda huyo huyo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, seremala alijiambia, na methali ikitoka kwa wahenga nani wa kubishana nayo?

Mkewe ndiye aliyeichochea hofu ile, na hakuwa na kosa. Alikuwa mpishi wa hospitali, na mchana alisukuma toroli la chakula wodi hadi wodi, kwa hiyo aliyaona kwa macho yake yale ambayo wengine waliyasikia tu.

"Wamelazwa wengine wawili," alimwambia mumewe jioni moja wakiwa jikoni, akinong'ona. "Watoto, Baba Daktari. Watoto wa shule. Mmoja mama yake amekaa kando ya kitanda, hali wala hanywi, anarudia neno moja tu. Alikuwa sawa. Alikuwa sawa."

"Kimya yuko wapi?" seremala akauliza.

"Anaoga."

"Tangu saa ngapi?"

Wakatazamana, kisha wote wawili wakakimbia kwenda kugonga mlango wa bafu. Kimya alitoka na povu masikioni, akawatazama, akarudi ndani bila kusema neno.

Kesho yake seremala alileta bisibisi. Alifungua bawaba za mlango wa chumba cha Kimya, akaubeba mlango mgongoni hadi karakana, akauegemeza ukutani nyuma ya mbao. Akang'oa na komeo la bafuni. Mlango wa Daktari aliuacha na kitasa chake, kwa kuwa Daktari alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa mwisho na alihitaji utulivu. Kisha akatengeneza sanduku la mbao ngumu. Mkewe akapita kila chumba akikusanya dawa na chochote kingine kilichomtisha, akavitia humo, wakafunga.

Likabaki suala la ufunguo. Wao wawili walitoka asubuhi na kurudi jioni, na mtu akiumwa kichwa mchana nani atamfungulia? Walimwita Daktari sebuleni.

"Wewe ndiye mkubwa," baba yake alimwambia. "Sisi tukiwa kazini, macho yako ndiyo macho yetu. Mlinde mdogo wako."

Daktari aliupokea ufunguo, akapiga saluti. "Sawa, mkuu wa majeshi! Mfungwa hatatoroka."

Walicheka. Mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi, maana alikuwa na siku nyingi hajacheka. Kimya peke yake hakucheka, na hilo nalo wakalihesabu kuwa dalili.

Ndivyo walivyoishi. Sahani ikianguka jikoni, mioyo yao ilianguka nayo. Kimya akikawia kurudi kutoka dukani, mama yake alisimama mlangoni. Alikula akitazamwa, alisoma akitazamwa, na mtu anayelia katika chumba kisicho na mlango hulia kwa adabu, kwa hiyo hawakumsikia. Kila alipofungua mdomo kusema jambo, mama yake aliangua kilio kabla hajamaliza, naye akaufunga. Seremala alikonda. Mara mbili alijikata kidole kwa msumeno, yeye fundi wa miaka yote hiyo, kwa sababu mikono ilikuwa kazini na roho ilikuwa nyumbani.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa akipiga randa ubao wa meza Kimya alipoingia karakana. Alikuja mbio, miguu imejaa vumbi, na mkononi amevaa saa ya dada yake.

"Kuna nini? Nani kakuruhusu kutoka peke yako?"

"Baba, twende nyumbani."

"Kuna nini, nimekuuliza!"

"Dada amenipa saa yake. Na viatu vyake vizuri." Maneno yalimtoka kwa kusukumana, yeye aliyezoea kuyapima. "Nikamuuliza, kwa nini, akasema hana haja navyo, na nimtunzie mama pia. Halafu akacheka. Baba, rafiki yangu naye alinipa bangili yake akacheka hivyo hivyo. Mimi nikafurahi nikaivaa. Sikujua. Sasa najua. Twende, baba. Na ule ufunguo anao yeye!"

Seremala aliiangusha randa. Ufunguo. Aliuona ule ufunguo alivyouweka yeye mwenyewe kwenye kiganja cha mwanawe, na jinsi walivyocheka. Alitoka mbio bila kufunga karakana, Kimya nyuma yake.

"Baba Daktari!" jirani mmoja alimwita kutoka barazani. "Mbona mbio, umeshtakiwa?"

Hakumjibu. Aliomba njiani kama mtu anayegombana: si huyu, Mungu wangu, si huyu, na papo hapo akaona aibu, kwa sababu alikuwa kama anayesema bora yule mwingine. Jasho lilimwingia machoni. Barabara aliyoipita kila siku ilirefuka ikakataa kuisha.

Nyumba ilikuwa kimya. Sanduku lilikuwa mahali pake, limefungwa, lakini hilo halikumtuliza hata kidogo. Mlango wa Daktari ulikuwa umefungwa kwa ndani. Aliujua mlango ule. Aliutengeneza yeye, na aliwahi kujisifu mbele ya wateja kwamba hauvunjwi na bega la mtu.

"Daktari!" Aligonga kwa ngumi zote mbili. "Daktari!"

"Ofisi imefungwa," sauti ikajibu kutoka ndani. "Mgonjwa arudi Jumatatu."

Alikuwa hai. Akashika fremu ya mlango. Na nikwambie ukweli, alitaka kuamini. Sauti ilikuwa na uchangamfu ule ule wa kila siku, na ingekuwa rahisi sana kucheka, kumgombeza Kimya kwa kumtia presha bure, na kurudi kwenye ubao wake. Lakini akamkumbuka yule mama wa wodini na neno lake moja. Alipogeuka, alimwona Kimya amejibanza ukutani, amejiziba mdomo kwa mikono.

Akakaa sakafuni, paji la uso kwenye mlango. Neno lilikuwa limemkaa kooni tangu msiba, na aliogopa kulitoa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

"Mwanangu," alisema, "unataka kufa?"

Aliisikia sauti yake mwenyewe na kudhani amemwua.

"Nani kasema?" Sauti ya ndani sasa haikuwa na mzaha.

"Mdogo wako anaogopa. Na mimi naogopa. Nauliza mimi, baba yako. Sitakugombeza."

Alisubiri. Hajui alisubiri kiasi gani, na mimi sitamkisia.

"Ndiyo, baba."

"Fungua, mwanangu. Nakuomba."

Kitasa kikazunguka. Daktari alikuwa mzima, kwenye meza vitabu vimefunguliwa, macho yamemvimba. Ufunguo wa sanduku ulikuwa kiganjani, ameubana mpaka umemwachia alama.

"Uchukue," alisema. "Nimechoka kukaa nao."

Seremala aliuchukua, akamkumbatia, na mwanawe akasemea mle kifuani mwake, kwenye shati lenye vumbi la mbao. Kwamba hesabu zilimshinda tangu mwanzo wa mwaka. Kwamba hakuwa wa kwanza tena, alikuwa akiwadanganya tu. Kwamba kila akipita mtaani anaitwa kwa kazi asiyoiweza.

"Nikifeli, nyinyi mtaitwa nani?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli. "Na mliponipa ule ufunguo, baba, nikajua hakuna anayeniona."

Seremala alimshika mkono, hakuuachia, wakatoka wote watatu kwenda hospitali, na mtaani walipoitwa hawakusimama.

Mama yao alitoka jikoni na aproni yake. Alipowaona alipiga ukelele, akamrukia Kimya, akampapasa uso, mikono, mgongo.

"Mwanangu! Umefanya nini? Amefanya nini?"

"Si yeye," seremala alisema.

Mama alichelewa kuelewa. Kisha akamtazama Daktari, aliyejaribu kutabasamu na safari hii hakuweza, na mikono yake ikateleza kutoka kwa Kimya.

Muuguzi aliwapeleka kwa mshauri wa vijana, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini. Aliposikia habari alimwambia seremala kwamba alifanya vema kuuliza, kwamba swali halimtii mtoto wazo ambalo hana. Lakini pia hakumficha kwamba safari ni ndefu, na kwamba kwa sasa Daktari asiachwe peke yake. Hofu haikuondoka, basi. Ilibadilisha tu mahali pa kukaa. Daktari na mama yake waliingia chumba cha mshauri, mlango ukafungwa.

Seremala na Kimya walibaki kwenye benchi la ukumbini. Watu walipita na bahasha za dawa. Alimtazama binti yake huyu aliyemchunga usiku na mchana, akagundua kwamba hata yeye hakuwahi kumuuliza.

"Na wewe, mwanangu?" alisema. "Nawe unataka kufa?"

Kimya alitikisa kichwa.

"Hapana, baba. Mimi nilikuwa nalia tu. Rafiki yangu amekufa."

Walikuwa wamemng'olea mlango, wamemsikilizia pumzi, wamemtazama akila, na katika siku zote hizo hakuna mtu nyumbani kwake aliyemwambia neno ambalo hata mpita njia akijikwaa huambiwa.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana."

Kimya akaangua kilio kwa sauti, sauti kubwa ambayo hawakujua kuwa anayo. Watu ukumbi mzima wakageuka kutazama, na seremala akamvuta kwake, akawaacha watazame.