Zamu ya Kupanda

Kofia ilikuwepo benchini. Kichwa chake ndicho kilichokosekana. Mshonaji alisimama na chupa ya maji mkononi, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha, shingo upande, akatazama juu. Nguzo ya ukumbusho ilisimama wima katikati ya uwanja, mawe matupu tangu chini hadi kwenye roshani ya kutazamia mji. Watu waliokuwa huko walionekana wadogo kama vifungo vya shati.

"Hathubutu," alijisemea.

Lakini alikwisha kujua. Mumewe alikuwa mwokaji mikate, na mwanzoni mwa mwaka alipasuliwa moyo. Tangu atoke hospitali kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa: akae kivulini, akae sebuleni, akae mbali na tanuri, ambalo sasa lilikuwa mikononi mwa mume wa binti yao. Mkewe alimlea kama yai. Alipolala, alimwekea kiganja puani ahakikishe pumzi inapita. Hata matembezi haya aliyakubali kwa sababu uwanjani kulikuwa na benchi.

Akamkabili mlinzi mlangoni mwa nguzo.

"Umemwona mzee mmoja, kipara, shati la mistari?"

"Yule mcheshi? Amepanda, mama. Kaniambia mkewe kampa ruhusa."

"Ruhusa! Hebu nipishe nimfuate."

"Subiri kwanza. Nimeshagonga kengele ya kushuka. Ngazi ni nyembamba, watu wawili hawapishani. Wakimaliza kushuka wote, ndipo zamu ya kupanda inaanza."

"Mwanangu, yule mtu ana moyo wa viraka!"

"Ndiyo maana usiingie. Utawaziba njia wote, na yeye akiwa humo humo."

Akasimama karibu na ukuta uliochongwa majina ya waliokwenda vitani wasirudi, kisha akaugeuzia mgongo. Nguzo nzima ya wafu, na yeye alikuwa akimtafuta aliye hai. Hasira ndiyo iliyomsaidia kusimama. Akaanza kuyapanga maneno atakayompa, akiyakata na kuyashona kwa uangalifu kama gauni la bibi harusi: wewe mzee, huna hata haya.

Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Kila kishindo cha kiatu alidhani ni chake. Kila uso ukawa wa mtu mwingine. Wa mwisho alikuwa mama mmoja mnene, akijipepea kwa kiganja.

"Mmekwisha?" mlinzi akauliza.

"Sisi tumekwisha. Ila kuna mzee huko kakaa chini sakafuni, kagoma kushuka. Hata viatu kavua."

Mlinzi hata hakuwahi kuishika kamba ya kengele ya kupanda. Mshonaji alikwisha kupotelea ndani.

Ngazi zilijizungusha gizani kama konokono. Magoti yake, yaliyozoea kukanyaga cherehani, yalilalamika tangu mwanzo. Alipofika kwenye kidirisha chembamba ilibidi ajiegemeze ukutani, kifua kikivuma kama mvukuto. Ndipo wazo likamjia, wala hakulitaka: mimi ambaye hakuna aliyenipasua ninahema hivi, naye alipita hapa kwa miguu yake mwenyewe. Wazo halikumtuliza. Lakini lilipanda naye, ngazi kwa ngazi.

Mumewe alikuwa ameegemea ukuta wa roshani, miguu mitupu, macho ameyafumba. Mshonaji alimrukia, akamshika kifundo cha mkono.

"Unanibana," mzee alisema, bila kufumbua macho.

"U mzima?"

"Kuliko wewe. Hebu jisikie unavyohema. Kaa, mama watoto."

Akakaa. Maneno yote aliyoyashona yakafumuka, akajikuta anacheka na machozi yanamtoka, kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

"Mbona hukushuka na wenzako?"

"Ningeshuka, ungepanda?"

Mshonaji aligeuza uso. Kati ya nondo za roshani aliuona mji umetandazwa kama kitambaa mezani, na ndani yake paa lao, na ua wao, mdogo kiasi cha kufunikwa na kidole gumba. Aliutazama kwa muda mrefu. Humo ndimo alimokuwa amemweka mumewe.

"Daktari alikwambia nipande ngazi," mzee alisema kwa upole.

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwa nyuma ya pazia, navaa shati. 'Mwache atembee, apande ngazi, arudi kazini polepole.' Nilipotoka, ukaniambia daktari anataka nipumzike."

"Na ukanyamaza siku zote hizo!"

"Nilikuona jinsi ulivyoogopa. Nikasema nikuachie kidogo. Kidogo chenyewe kikawa kirefu."

Upepo ulipita kati yao. Mzee akavivuta viatu vyake. Mkono wa mshonaji ulijinyosha kumfungia kamba, ukasita, ukarudi mapajani. Alimtazama akifunga mwenyewe, polepole, kwa vidole vinene vya kukanda unga, kisha mzee akainuka na kumpa mkono amwinue.

"Kesho nakwenda kwenye tanuri."

"Nenda."

"Basi, bibie? Huniombi radhi?"

Alisimama, akakung'uta vumbi kwenye sketi yake, akamkazia macho.

"Siombi," alisema. "Nilikutaka hai. Siombi leo, wala kesho usinisubiri."