Kamba ya Pampu Ninayo Mimi

Akina mama wenzangu tunaochota tangi moja, msidhani kila ukijani wa bwawani ni ule ule. Mwani wetu wa siku zote tunaujua: unateleza kama nywele zilizopakwa mafuta, na ukiuinua unakuta konokono, watoto wa chura na vidudu vinavyorukaruka. Huo haujawahi kunitisha. Maji nayaweka kwanza kwenye beseni jeupe, naangalia wenyeji wake. Wakicheza, nafua.

Juzi asubuhi bwawa lilikuwa kama limemwagiwa rangi ya kijani ya mlango. Nikachota. Watoto wa chura wote matumbo juu. Mkono wangu ukawasha mpaka kwenye kiwiko.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye anayewasha pampu ya kujaza tangi kutoka bwawani. Nikamwonyesha beseni.

"Hao wamelala tu, shemeji. Watu watachemsha."

"Kuchemsha kunaua vidudu, sumu inabaki! Mwanangu anakunywa tangi hilo."

"Udaktari umeanza lini?"

"Tangu nilipozaa."

Alipoinama kutafuta spana, nikachomoa kamba ya kuwashia pampu, nikaisokomeza kifuani.

"Shemeji, lete kamba."

"Iko hapa. Njoo uichukue."

Majirani wakacheka mpaka mmoja akaangusha ndoo. Yeye akabaki ameshika kiuno, jasho linamtoka. Mke wa kaka yake, mkono autie wapi? Akampigia mume wangu simu.

Mume wangu akaja amenuna. "Mama watoto, unaniaibisha. Itoe."

"Tazama beseni kwanza. Halafu wewe una ruhusa, chukua mwenyewe."

Akachuchumaa. Akamgeuza mtoto wa chura mmoja kwa kijiti, naye akarudi tumbo juu. Akamgeuza mwingine, vile vile. Mtoto wetu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake kitupu. Baba yake akamwangalia, kisha akasimama.

"Leta toroli," akamwambia mdogo wake. "Tutachota bombani kule barabarani."

"Mbali kote kule?"

"Basi kunywa hili beseni."

Toroli likaletwa.

Shemeji mpaka leo hanisalimii. Shauri yake. Kamba nalala nayo chini ya mto. Ninyi wekeni beseni jeupe mlangoni, na watoto wasiliguse bwawa. Siku watoto wa chura wakianza tena kucheza, nitaitoa mwenyewe. Kabla ya hapo, asinijie mtu.